Penye Wengi: Baraza la Tabora na Vita vya Mwaka 1871

Waswahili husema, penye wengi hapaharibiki neno. Kwa methali hii watu wameitwa barazani vizazi kwa vizazi, wakubwa wamezuiliwa wasikate shauri peke yao, na aliyeshindwa kwa hoja ametulizwa kwa kuambiwa kwamba ameshindwa na akili nyingi kuliko yake. Walakini historia ya Unyamwezi yaonyesha kwamba neno huweza kuharibika papo hapo penye wengi, tena likaharibika upesi kuliko ambavyo lingeharibika mikononi mwa mtu mmoja mwenye mashaka. Methali ina sharti ambalo haikulitamka, nalo ni kwamba hao wengi wawe wamesema yaliyomo mioyoni mwao. Baraza lililokaa Tabora katikati ya mwaka 1871 ni ushahidi wa jambo hilo, na ushahidi huo huanza njiani kabla ya kufika Tabora.

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa Reli ya Kati, akiisha kupita Itigi, huvuka misitu mirefu ya miombo, akapita Tura, Malongwe na Nyahua, ndipo afike Goweko, stesheni iliyo upande wa mashariki wa Tabora. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla yake, njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo ilipita katika nchi hizo hizo: misafara ilipumzika Tura, ikaenda Rubuga na Kigwa, kisha ikaingia Unyanyembe, ambako wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamejenga matembe yao. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao ndio waliokuwa miguu ya biashara hiyo, waliifahamu njia hiyo kisima kwa kisima.

Richard Burton na John Speke walipopita huko mwaka 1857, Rubuga ilikuwa nchi ya watu wengi na chakula tele. Henry Stanley alipopita mwezi wa Juni 1871 aliikuta imekuwa ukiwa. Aliandika kwamba nyumba zilizoteketea na mashamba yaliyoachwa ni alama za vita baina ya Waarabu na Mnywasele. Habari za vita hivyo ni hizi. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki, karibu na mwaka 1859, Mnywasele alishika nafasi yake, akataka wafanyabiashara wageni walipe ushuru. Wafanyabiashara wakaungana, wakamfukuza, wakamsimamisha Mkasiwa badala yake. Walitumaini kwamba jambo limekwisha. Halikwisha. Mnywasele alizunguka porini na watu wake, akikata njia na kupiga misafara. Speke aliporudi mwaka 1861 alijaribu kupatanisha, wala hakufaulu. Hata mwaka 1865 ndipo Mnywasele alipokamatwa na kuuawa. Katika miaka hiyo nchi zilizo kandokando ya njia, Rubuga ikiwa mojawapo, zililipa gharama ya shauri lililokatwa Unyanyembe.

Hili ni muhimu kwa yale yatakayofuata. Njia ya kutoka pwani ilikuwa hiyo, na wengi wa mabwana walioketi barazani mwaka 1871 walikuwa wamefika kwa njia hiyo. Magofu ya shauri lao la kwanza walikuwa wameyaona kwa macho yao. Hawakuhitaji kuhadithiwa kwamba vita vinavyotazamiwa kuwa vifupi huweza kuchukua miaka mitano.

Mwaka 1871 adui alikuwa mwingine. Upande wa magharibi wa Unyanyembe alikuwa ameinuka Mirambo, mtemi aliyekusanya nchi ndogondogo kwa nguvu za rugaruga wake na kuifanya Urambo kuwa kitovu cha utawala mpya. Njia ya kwenda Ujiji ilipita penye nchi yake. Kwa habari aliyoipata Stanley, msafara mmoja uliokuwa ukienda Ujiji ulitozwa na Mirambo hongo ya mapipa 5 ya baruti, bunduki 5 na mitumba 5 ya nguo. Hongo ilipokwisha kulipwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Hapana shaka hilo lilikuwa dai la haki la kulalamikia. Pembe za Ujiji na Manyema zilikuwa zimefungiwa njia, na madeni waliyokuwa nayo wafanyabiashara kwa matajiri wa Unguja hayakufungiwa njia. Baraza likaitwa.

Stanley alihudhuria, naye ameandika yaliyosemwa. Khamis bin Abdullah, mtu aliyesifiwa kwa ushujaa, aliwakumbusha wenzake vita walivyopigana zamani na heshima ya watu wa Omani, akauliza kama wako tayari kumwacha mtu kama Mirambo awatawale. Saud, kijana mwana wa Said bin Majid, alikumbusha enzi za baba na babu zake, ambapo mtu aliweza kwenda toka Bagamoyo hata Ujiji akiwa na bakora tu mkononi. Wengine wakaafiki. Stanley aliambiwa kwamba vita vitakuwa vya siku 15. Yeye mwenyewe, ambaye hakuwa mwenyeji wala mfanyabiashara, aliungana nao na kutoa watu wake, maana naye alitaka njia ya Ujiji ifunguliwe.

Yafaa kulitazama swali lililowekwa mbele ya baraza lile. Liliulizwa kama wafanyabiashara wataivumilia fedheha. Swali kama hilo lina jibu moja tu kwa mtu mwenye heshima zake, na kila aliyejibu alijibu akitazamwa na wenzake. Yako maswali mengine ambayo yangeweza kuulizwa: Mirambo ana bunduki ngapi? Atafanya nini asikiapo kwamba jeshi linakuja? Ngome moja ikishikwa, yeye asishikwe, kitatokea nini? Vita vya Mnywasele vilichukua siku ngapi, na kwa nini? Maswali haya yalikuwa na majibu, wala majibu hayakuwa mbali. Wapagazi waliokuwa wakienda na kurudi kwa njia za Urambo, na Wanyamwezi wa Mkasiwa, jirani zake Mirambo, waliijua nchi na watu wake. Lakini katika kikao anachokisimulia Stanley, wasemaji ni mabwana.

Jeshi lilikusanyika Mfuto. Kwa hesabu aliyopewa Stanley lilikuwa la watu 2,255, na 1,500 kati yao walikuwa na bunduki. Mapema mwezi wa Agosti lilishika Zimbizo, na ushindi huo ukathibitisha machoni pa wote kwamba walikuwa wamekadiria vyema. Saud akachukua watu 500 akaenda kupiga Wilyankuru, mahali alipokuwa Mirambo mwenyewe. Wilyankuru nayo ikashikwa, lakini Mirambo akatoka. Washindi walianza kurudi wakiwa wameelemewa na pembe, nguo na watumwa waliowateka. Mirambo alikuwa amewazunguka na kujificha na watu wake katika majani marefu kando ya njia. Aliwaacha waingie katikati, kisha akawaangukia. Saud na Waarabu wote waliokuwa pamoja naye waliuawa.

Habari zilipofika Zimbizo, lile shauri moja la Tabora likageuka likawa shauri moja la kukimbia. Hapakuwa na kikao, wala hapakuwa na aliyengoja mwenzake. Jeshi ambalo bado lilikuwa kubwa, ambalo lilikuwa limepoteza sehemu yake tu, lilirudi Mfuto kwa fujo, kila mtu akijinusuru, na wagonjwa wakiachwa nyuma. Stanley, aliyekuwa na homa, nusura naye aachwe. Baada ya siku chache viongozi wakarudi Tabora.

Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo aliifuata Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, ambaye sauti yake ilikuwa ya kwanza kutaka vita, alitoka na wafuasi wake kwenda kumkabili. Wakubwa wengine walibaki katika matembe yao. Watumwa wake wenye silaha wakamkimbia, akauawa pamoja na wale wachache waliosimama naye. Kwa maelezo ya Stanley, karibu robo ya Tabora iliteketea siku hiyo. Vita vilivyokadiriwa siku 15 viliendelea kwa miaka. Sultani Barghash wa Unguja alilazimika kutuma askari, nao hawakumshinda Mirambo. Yeye alibaki mtawala wa Urambo hata kufa kwake mwezi wa Desemba 1884.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wameuchunguza udhaifu huu kwa njia zao. Mwaka 1951 Solomon Asch, huko Marekani, aliwakalisha watu katika vikundi vidogo na kuwaonyesha mistari, wataje ni upi ulio sawa kwa urefu na mstari wa kupimia. Jambo lilikuwa jepesi, na macho yenyewe yalitosha. Lakini katika kila kikundi wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wameagizwa kwa siri watoe jibu lisilo sahihi kwa sauti moja. Karibu theluthi ya majibu ya yule mmoja yalifuata kosa la wenzake. Asch aligundua na jambo la pili, ambalo lina uzito zaidi: alipowekwa kikundini mtu mmoja tu mwingine wa kusema kweli, nguvu ya wengi ilipungua sana. Sauti moja ya pili ilitosha kumrudishia mtu macho yake.

Mwaka 1972 Irving Janis alitoa kitabu juu ya mashauri ya wakuu wa serikali yaliyoishia katika balaa, mfano wake mkubwa ukiwa shambulio la Marekani juu ya Cuba katika Ghuba ya Nguruwe mwaka 1961, ambalo lilishindwa kwa siku tatu. Alieleza hali ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa fikra ya mkumbo. Hali hiyo huwashika watu wapendanao na kuheshimiana, waliojitenga na wenye habari tofauti, ambao kiongozi wao amekwisha kuonyesha anakoelekea. Watu hao hujiona hawashindiki. Humdhania adui yao kuwa dhaifu au mjinga. Mwenye shaka hujinyamazisha mwenyewe kabla hajanyamazishwa. Na ukimya wa kila mmoja huhesabiwa kuwa ni ridhaa ya wote. Daniel Kahneman na Amos Tversky nao walionyesha, mwaka 1979, kwamba watu wanapokadiria muda wa kazi hutazama mpango wao na kusahau muda ambao kazi za namna hiyo zilichukua zamani. Siku 15 za Tabora, mbele ya miaka ya Mnywasele, ni mfano ulio wazi wa kosa hilo.

Hata hivyo, mwanafunzi wa historia anapaswa kuwa na hadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba habari za baraza lile zimetoka hasa kwa mtu mmoja, aliyeandika baada ya kushindwa, na aliyekuwa na sababu ya kuwatwika wenzake lawama. Stanley huyo huyo alipokutana na Mirambo mwaka 1876 alifanya naye udugu wa kuchanjiana, akamsifu kwa adabu na upole wake. Yale aliyoyaamini mwaka 1871 juu ya mtu ambaye hakuwa amemwona yalikuwa maneno ya baraza. Hadhari ya pili ni kwamba mwisho wa jambo ukiisha kujulikana, kila mtu huona kwamba ulikuwa ukionekana tangu mwanzo. Kama Mirambo angekamatwa Wilyankuru, baraza la Tabora lingeitwa la mashujaa wenye busara. Kwa hiyo baraza halihukumiwi kwa kushindwa vitani, maana hata shauri lililopimwa vizuri huweza kushindwa. Hukumu yake ni juu ya yale ambayo lilikuwa na uwezo wa kuyajua siku ile, nalo halikuyauliza.

Ingekuwa kosa vilevile kudhani kwamba udhaifu huu ni wa wafanyabiashara wa zamani wasio na makaratasi na hesabu. Miaka 75 baadaye baraza lingine lilikata shauri juu ya ardhi ile ile ya Urambo, nalo lilikaa London. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa Kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki 9, na sehemu kubwa ya ardhi ukaitazama kutoka katika ndege. Mpango uliotokea ulikuwa wa kulima eka 3,210,000. Mahali palipochaguliwa katika Tanganyika ni Kongwa, Nachingwea na Urambo. Mitambo iliyokwenda Urambo kwa reli ilipita Goweko, katika nchi ile ile ambayo wapagazi walibeba mizigo ya misafara.

Katika mwaka wa kwanza ilikusudiwa kusafisha eka 150,000 huko Kongwa. Zilizosafishwa zilikuwa kama 7,500. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu kama matofali, na mvua hazikutosha. Wagogo walikuwa wamejenga maisha yao yote, ng'ombe wao, mtama wao na kuhamahama kwao, juu ya ujuzi wa kwamba mvua ya nchi hiyo haiaminiki. Njaa ya Mtunya ya miaka ya 1918 hadi 1920 ilikuwa bado katika kumbukumbu za watu wazima. Urambo karanga hazikutimiza matumaini, na ardhi ikaja kulimwa tumbaku. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zilihesabiwa kuwa zimepotea.

Mabaraza haya mawili hayafanani kwa nia wala kwa watu, lakini yanafanana kwa swali. Tabora waliulizana kama wana moyo wa kupigana. London waliulizana kama wana mitambo ya kutosha kwa haraka. Katika pande zote mbili haja ilikuwa kubwa, na ukubwa wa haja ukachukuliwa kuwa ni ushahidi kwamba jambo lawezekana. Katika pande zote mbili wenye kuijua ardhi walikuwapo kwa wingi, nao wakatumiwa kama mikono: wapagazi na askari mwaka 1871, vibarua mwaka 1947. Wengi walikuwapo kazini, lakini wachache mno walikuwapo barazani.

Hapo ndipo maana ya methali inaporudi. Idadi ya watu walioketi haiongezi akili ya shauri kama wote wameona kitu kimoja, wanataka kitu kimoja, na wanaogopa aibu moja. Watu 20 wa namna hiyo ni sawa na mtu mmoja mwenye sauti kubwa. Akili huongezeka pale anapoingia mtu aliyeona kingine, na akaruhusiwa kukisema bila ya kuitwa mwoga au msaliti. Rais Kennedy, baada ya fedheha ya mwaka 1961, alibadili namna ya kuendesha vikao. Katika hatari ya makombora ya Cuba mwezi wa Oktoba 1962 mara nyingine alijiondoa kikaoni makusudi, ili washauri wake wapingane pasipo kumtazama usoni. Dawa hiyo si ngeni. Mzee wa baraza anayejua kazi yake huwaacha wadogo waseme kwanza, naye husema mwisho, kwa kuwa akianza yeye hatasikia tena ila mwangwi wake.

Yako na madhara mengine ya umoja usio na hoja, ambayo vita vya Mirambo viliyadhihirisha kuliko maelezo yoyote ya wataalamu. Umoja wa namna hiyo hauna mizizi. Watu waliobishana, wakashindana kwa hoja, kisha wakakubaliana, hujua kwa nini wamekubaliana, na mambo yakiharibika hurudi kwenye hoja zao na kuzitengeneza. Watu waliokubaliana kwa kuoneana haya hawana pa kurudi. Ndiyo sababu wale waliokuwa sauti moja katika baraza la Tabora walitawanyika Zimbizo kwa habari moja mbaya, na tarehe 22 Agosti Khamis bin Abdullah akatoka na kundi dogo kwenda kufa kwa ajili ya shauri ambalo wote walikuwa wameliafiki.

Rubuga ilikuwa njiani. Mtu mmoja angetosha kusimama katika baraza lile na kuwauliza wenzake walipitia njia gani kuja Unyanyembe, na waliona nini huko.